Cirhuza na Samaki wa Daktari wa Meno

“Mi, Cirhuza Norbert, samaki haiyakufaka mu mikono yangu, ata moja. Muulize Uvira muzima.”

Alisema hivyo mbele ya kanisa zima, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili ya ushuhuda, mwaka wa pili wa vita, akiwa ndani ya koti la msaada lililokatwa kwa ajili ya Mzungu wa matumbo mawili. Watu wakaitikia amina. Kanisa letu halijawahi kukataa ushuhuda. Ni Minani tu, Mrundi muuza mkaa, aliyemwinamia jirani yake na kuuliza nani anajitolea kwenda Uvira kuuliza, maana barabara ya huko wakati ule ilikuwa na majeshi ya kila rangi, na kila jeshi na njaa yake.

Vita ni mdhamini mzuri wa sifa. Katika foleni ya unga pale kambini ungeweza kuokota wakurugenzi, maprefe wa shule na majaji, wakatosha serikali nzima na mawaziri wa akiba. Kila mmoja alikuwa mkubwa mahali ambapo hakuna anayeweza kwenda kuhakikisha. Tofauti ya Cirhuza ni kwamba yeye hakudanganya, na hilo ndilo lililomponza. Mwongo angejua pa kuishia.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, akasomea mifugo, akaajiriwa Uvira na Mbelgiji mmoja aliyenunua samaki hai wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wenye rangi, na kuwatuma Ulaya ndani ya mifuko ya plastiki ili watu wa baridi wapate kitu cha kutazama sebuleni. Kazi ya Cirhuza ilikuwa kuwatunza kwenye matangi ya saruji kando ya ziwa mpaka siku ya safari. Alisugua. Kila asubuhi alisugua kuta, mawe, mabomba na ndoo, kwa brashi na Jiki, ile dawa ya klorini, na samaki wakaendelea kuogelea kana kwamba wanalipwa. Vita vilipoingia mjini, wanajeshi walivunja lango la Mbelgiji, wakavua matangi yote kwa vyandarua, wakakaanga samaki waliokuwa na tiketi ya Ujerumani, kisha wakalalamika kwamba wana miiba mingi. Ukimkumbusha hao, Cirhuza alikujibu bila haya: hawakufa mikononi mwake, walikufia kwenye mafuta.

Basi akakimbia na mkewe Annonciata, fundi cherehani, na mtoto wao Gabriella. Wakapita Kigoma, wakapita Mbeya, wakaishia Dzaleka kwenye nyumba ya tofali za udongo. Gabriella alikuwa na kifua. Dzaleka ina upepo ambao kazi yake ni kuchukua vumbi la jirani na kukuletea wewe, na kila msimu wa baridi mtoto yule alilala ameketi, mgongo ukutani, kama mlinzi wa benki, akivuta pumzi inayolia. Annonciata alishona huku anaisikiliza. Akisikia imebadilika, aliacha cherehani.

Majivuno ya Cirhuza yalisafiri mpaka Lilongwe kwa njia ya mapazia. Mathilde, mke wa pasta Balagizi, alikuwa ameshona mapazia ya kliniki moja ya meno mtaa wa Area 47. Mwenye kliniki, Dokta Mkwezalamba, alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye mikono inayoweza kung'oa jino la ng'ombe. Marehemu mumewe alimwachia tangi la kioo, refu kama benchi la kanisa, pale chumba cha kungojea. Wagonjwa waliovimba mashavu walikaa mbele yake wakitazama samaki, wakasahau kidogo kinachowangoja ndani. Lakini sasa samaki wenyewe walikuwa na hali mbaya kuliko wagonjwa. Wengine walijaa vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, wakijikuna kwenye mawe. Maji yalikuwa na ukungu wa maji ya kuoshea mchele. Mathilde akasema: kambini kwetu tuko na daktari wao.

Hivyo Cirhuza akaitwa. Sharti lilikuwa jepesi, na Dokta alilisema taratibu kwa Kiingereza ili lisipotee njiani. Samaki wakiishi, yeye na familia watakaa kwenye chumba cha nyuma ya kliniki, chenye sakafu ya saruji na bomba mlangoni, na yeye Dokta atawafuatilia ruhusa ya kukaa nje ya kambi. Samaki wakifa, watarudi Dzaleka.

Wiki ya kwanza Area 47, Gabriella alilala chali. Annonciata aliamka mara kadhaa kumwekea mkono puani, kwa sababu hakuwa amezoea ule ukimya.

Tusimnyime Cirhuza haki yake. Vile vidoa aliviponya. Aliwatoa wagonjwa, akawaweka kwenye beseni lenye chumvi ya mawe na maji ya uvuguvugu, akawafunika na gunia wapumzike, na vidoa vikapukutika. Dokta akamwambia zikomo, asante ya kwao, kwa mikono miwili. Kisha Cirhuza akawarudisha kwenye tangi, akaendelea na alichokijua. Tangi lile lilikuwa na mota ndogo inayovuta maji na kuyapitisha kwenye sifongo nene kama mkate, ikiyarudisha yamechujwa. Cirhuza alipoitoa sifongo na kukuta ute wa kahawia, alifurahi kama polisi aliyekuta pombe haramu. Akaipiga Jiki. Akasugua mawe pia. Vyote akavisuuza chini ya bomba mpaka vikang'aa, akavirudisha. Kesho yake samaki walikuwa juu, midomo nje, wakihema kama wazee waliopanda kilima. Naye akaona kumbe hakusugua vya kutosha.

Jambo lenyewe ni dogo, na baadaye alilieleza mtu mmoja kutoka upande wa Salima anayevua samaki wa mapambo. Samaki hukojoa kwenye maji anayovuta. Ule ute wa kwenye sifongo ni wadudu wasioonekana kwa macho, na chakula chao ni hiyo sumu ya mikojo. Ukiwaua kwa Jiki, samaki anazama ndani ya mkojo wake. Uvira haikuwa na tatizo hilo kwa sababu matangi ya Mbelgiji yalikuwa na bomba linaloleta maji ya ziwa upande huu na kuyatoa upande ule, mchana na usiku. Cirhuza alisugua na Jiki miaka yote ile, na Ziwa Tanganyika likapita nyuma yake likisafisha alichoharibu. Sifa ikabaki kwake. Ziwa halikuhudhuria ushuhuda.

Kwenye tangi kulikuwa na mkubwa mmoja, wa mistari ya buluu, mwenye nundu kichwani, ambaye marehemu alimwita Mfumu, yaani chifu. Huyo alitoka Tanganyika. Cirhuza alimwonyesha kila mgonjwa aliyeingia: huyu ni mtu wa kwetu, mkimbizi kama mimi, ila yeye alipewa nyumba ya kioo. Ili wageni wamwone Mfumu akila, alimlisha asubuhi, mchana na jioni, na kilichobaki kikaoza chini. Wadogo wakaanza kuzidiwa. Hapo Cirhuza akawa na njia yake ya kulinda jina. Samaki aliyelala ubavu alimkinga kwa kikombe akiwa bado anachezesha matamvua, akampeleka nyuma ya kliniki na kumlaza kwenye majani, akafie huko. Mkononi mwake hakufa. Paka wa jirani akanenepa.

Dokta aliona tangi linapungua, akauliza. Cirhuza akalaumu maji ya bomba, akalaumu umeme unaokatika, akalaumu mfagizi, msichana wa Mitundu ambaye kosa lake lilikuwa kupitisha ufagio karibu. Msichana akaondolewa. Aliondoka na ndala zake mkononi, na Cirhuza akamwombea heri.

Kisha zikaja siku za kuhesabiwa kambini. Familia isiyoonekana kwenye hesabu ilikatwa unga, na jina lake likifutwa lilirudi kwa shida kuliko Lazaro. Cirhuza akaenda, maana wakati ule mkuu wa familia alitosha, akamwachia Annonciata maagizo: sifongo na mawe kila asubuhi, Jiki, brashi, chakula mara tatu. Alihesabiwa vizuri. Halafu malaria ya Dzaleka ikamkumbuka, ikamlaza kwenye mkeka wa pasta Balagizi, ikaondoka, ikarudi na mwenzake. Alikaa huko karibu mwezi, akitetemeka na kutuma ujumbe kwa kila dereva: mwambie mama Gabriella asisahau éponge, yaani ile sifongo.

Mama Gabriella alikuwa na sare za wauguzi za kushona. Alisahau éponge siku ya kwanza, akaiogopa siku ya pili, na siku ya tatu akagundua kwamba samaki hawahemi sana. Akaamua kunyamaza. Akawarushia chakula kidogo asubuhi, basi. Sifongo ikavaa ute wake. Maji yakawa meupe, mpaka mgonjwa mmoja akauliza kama kweli tangi lina maji. Mfumu akaota ubuluu upya, akaanza kufukuza wenzake kama chifu wa kweli.

Cirhuza aliporudi, njano kama mchuzi, Dokta alimpokea mlangoni na kumshika mkono. Na yeye, mwenye miguu ya kuazima, akasimama mbele ya mashavu yote yaliyovimba na kueleza kwamba siri ni nidhamu, kwamba hata akiwa kitandani alikuwa anatibu kwa maagizo.

Annonciata alingoja wabaki wawili chumbani.

“Baba Gaby, mi sikuosha.”

“Haukuosha nini?”

“Ile éponge. Ata siku moja. Niliiacha mu buchafu yake. Bakapona.”

Cirhuza alicheka kwanza, akidhani ni utani wa kumpokea mgonjwa. Alipoona mkewe hacheki, akavimba.

“We mwanamuke, mi nilisoma nyama na samaki, we ulisoma kushona jupe. Uliona wapi buchafu njo dawa?”

“Niliiona hapa,” alisema Annonciata.

Asubuhi yake Cirhuza alishika brashi. Baada ya siku chache midomo ilikuwa juu tena. Annonciata aliwatazama, kisha akamtazama Gabriella aliyekuwa anaruka kamba uani bila kukohoa, na akaacha kubishana. Alinunua sifongo nyingine, akaikata sawasawa na ile ya kwanza kwa mkasi wa kitambaa, kwa vipimo vya fundi asiyekosea shingo ya shati, akaiacha tangini kila usiku mpaka ikashika ute wake. Kila alfajiri, kabla mumewe hajaamka, alitoa ile ya kahawia kwenye tangi na kuilaza katika beseni la maji ya samaki chini ya cherehani, akafunika na kanga, akaweka safi mahali pake. Cirhuza alikuja akiimba pambio, akatoa sifongo safi, akaiosha, akaisuuza, akairudisha. Akienda kunywa chai, Annonciata alibadilisha tena. Mawe aliyaondoa kabisa, akimwambia mumewe kwamba Dokta ndiye ameona yanachafua kioo. Chakula alikitia kwenye kopo lenye tundu dogo.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini sifongo inatoka safi kila siku. Cirhuza alijiuliza na kujijibu papo hapo.

“Ona, mama Gaby. Sasa buchafu inaniogopa.”

“Njo ile,” alijibu Annonciata, akitia uzi kwenye sindano.

Miezi ikapita hivyo. Ruhusa ya kukaa nje ya kambi ikatoka. Gabriella akaandikwa shule, akajifunza Kichewa kwa kutukanwa, akakirudisha kwa riba. Samaki wakazaa. Mwanamume alikuwa na jina, mwanamke alikuwa na chumba, na kati yao kulikuwa na beseni. Ndoa nyingi zinasimama juu ya kidogo kuliko hicho.

Ila kwetu baraka haikamiliki mpaka watu waje kuimba. Mtu akipata kazi, akipata mtoto, akipata safari ya Kanada, kwaya inamfuata mpaka nyumbani, inashukuru, inakula. Cirhuza aliialika mwenyewe. Jumamosi moja wakashuka Area 47 kutoka kwenye gari la mahindi, pasta Balagizi mbele, kwaya nyuma, Minani kwa ajili ya chakula. Dokta alifunga kliniki mapema, akaruhusu waingie chumba cha kungojea, akakaa nao. Waliimba mpaka vioo vikatetemeka. Kisha Cirhuza akasimama kando ya tangi, akatoa sifongo na kuanza kufundisha.

Mathilde ni mwanamke wa heshima. Haingii nyumba ya mtu akakaa na mikono mapajani. Wakati wanaume wanafundishwa, yeye alikuwa chumba cha nyuma anapakua nsima, ugali wa huko, anapanga sahani, anafagia. Akafagia na chini ya cherehani. Akatokea mlangoni na beseni kiunoni, pua ameikunja.

“Mama Gabriella, hii kitu inanuka, niiyitupe wapi?”

Sifongo ilikuwa ndani ya beseni, ya kahawia, ina ute, imekatwa sawasawa na ile aliyoshika Cirhuza.

Ingeweza kuitwa takataka ya kawaida, na mambo yakaisha. Lakini Mathilde alikuwa anaelekea mfereji, na Annonciata alipoona inakwenda kutupwa, maneno yakamtoka.

“Usiitupe, mama. Njo inaponyesha samaki.”

Dokta, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko, akauliza nini hicho, na Annonciata akalazimika kueleza yote, kwa Kichewa cha mtoto wake na kwa vidole: hii inakaa ndani, ile anaosha yeye. Kila siku? Kila siku. Dokta alitazama beseni, akamtazama Cirhuza na sifongo yake nyeupe, na mwanamke yule anayekaa siku nzima ndani ya midomo ya watu akacheka mpaka akashika ukuta. Kwaya ikamfuata. Pasta alijaribu kukohoa, akashindwa. Minani akauliza kama kaka yetu anaweza kumfulia na shati ambalo tayari ni safi.

Dokta hakuwa na hasira. Alisema rudisheni yoyote inayofanya kazi, tule. Hapo ndipo Cirhuza alipopewa mlango wa kutokea. Angecheka na yeye, angemwita mkewe fundi, na sasa hivi angekuwa bado analala kwenye sakafu ya saruji.

Alikula nsima bila kunyanyua macho. Dokta aliondoka kwenda kwa dada yake hadi Jumatatu. Gari la mahindi likaja kituoni kubeba kwaya. Annonciata akaenda kituoni na Gabriella kuwasindikiza, kwa sababu mgeni akiondoka bila kusindikizwa ni kama umemfukuza. Waliporudi, chumba cha kungojea kilikuwa kinanuka Jiki kutoka barabarani. Cirhuza alikuwa amewatia samaki ndooni, akamwaga tangi lote. Alikuwa ameosha kioo, mota na mabomba, akajaza maji mapya ya bomba mpaka juu, na sifongo zote mbili alizichoma kwenye jiko la mkaa. Mpya kabisa ilikuwa ndani, nyeupe kama jino la bandia.

“Sasa tutaona,” alisema, “nani anatibu.”

Annonciata alikwenda mpaka kwenye majivu, akayageuza na kijiti. Halafu akaingia ndani, akamvua mtoto viatu.

Waliona. Wadogo walianza jioni ileile. Jumapili Cirhuza hakwenda kanisani, alibaki na kikombe, kutoka tangini mpaka majani, kutoka majani mpaka tangini, na paka akashiba akaacha. Jumatatu asubuhi wagonjwa waliketi mahali pao, na mama mmoja mwenye shavu kama mkate akamwambia wa mapokezi kwamba samaki wenu wanalala ubavu. Mfumu ndiye aliyechelewa. Alisimama wima kwenye kona, nundu nje ya maji, mdomo ukifunguka na kufungika. Cirhuza aliingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko kumnyanyua, na Mfumu akafia humo, viganjani, mbele ya watu. Hakujua amweke wapi. Alisimama akichuruza maji kwenye viatu vya mgonjwa.

Dokta alitoka ndani na glavu zenye damu ya mtu mwingine. Alitazama kitu alichoachiwa na mumewe, akavua glavu moja, kisha ya pili.

“Wewe unarudi Dzaleka leo,” alisema. “Mama na mtoto, wakitaka, wabaki. Nina mapazia na nina sare.”

Cirhuza alimgeukia mkewe. Kwetu mume akisema twende, mke anafunga mzigo. Na yeye alisema, “Mama Gaby, funga bintu. Tunaenda.”

Annonciata alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

“Gaby analala vizuri hapa,” alisema.

Alimfungia yeye mzigo wake, akakunja koti vizuri, akamwekea na nsima ya njiani.

Siku za kuhesabiwa Annonciata huja kambini na mtoto. Wanasimama na Cirhuza foleni moja, familia kamili, wanagongewa muhuri, halafu wawili wanapanda gari la Lilongwe. Dokta alinunua samaki wengine. Mtu wa Salima ndiye aliyewaleta, na mwenye ufunguo wa tangi ni mama Gabriella.

Jumapili ya ushuhuda pasta Balagizi huwa na haraka anapofika kwenye benchi la Cirhuza. Siku za kazi utampata sokoni Dzaleka, chini ya kipande cha tenti, anauza usipa mkavu, dagaa wa Malawi, unaoletwa na malori kutoka ziwani. Anaupepeta mwenyewe, hauna mchanga. Kikombe kimoja ni kwacha kumi na tano.